Ijumaa Tuliyomwacha Mzee Zephaniah

Mumbi wa Edmonton hahesabu watu. Ukitaka kugombana naye, simama katikati ya wazee wake, nyosha kidole, uanze kusema moja, mbili. Atakushusha hicho kidole kwa mkono wake mwenyewe, mbele za watu, na wewe ni mtu mzima una wajukuu. Mimi nimeshushwa.

Kwao Murang'a, anasema, hata mbuzi wa mtu hawahesabiwi, sembuse watoto wa watu. Alipokuwa mdogo karani wa chifu alifika nyumbani kwao kuandika familia, na mama yake, kwa kuiogopa serikali, akawapanga watoto ukutani na kuwahesabu kwa sauti. Kabla ya mavuno yule wa mwisho akafa kwa surua. Mimi ni nesi mstaafu, mzaliwa wa Bukoba, na nimejaribu kumweleza habari za surua na chanjo. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Adelina, wewe hukumbeba yule mtoto." Tangu hapo sijarudia.

Usije ukadhani ni mtu wa ovyo. Alikuja London kutunza wagonjwa majumbani, akaogesha wazazi wa watu wengine mpaka magoti yakamwisha. Alipoona wazee wetu wa Afrika Mashariki wanashinda ndani wakitazama hita, akaomba ukumbi wa kanisa na kuanzisha kikundi cha kila Ijumaa. Humo utamkuta Mkikuyu, Mluhya, Mhaya, na Wahindi waliotoka kwetu miaka mingi iliyopita na bado wanatukana kwa Kiswahili. Mumbi anajua nani anameza dawa gani na nani hasemi na mkwewe. Ana mdomo, Mungu amsaidie. Mikono yake ndiyo inayomkomboa.

Kwa kuwa hahesabu, ana njia yake. Alfajiri ya siku ya safari anakaanga mandazi, na kila andazi linapotumbukia kwenye mafuta analitajia mwenyewe: hili la Kishor, hili la Damyanti, hili la dereva. Kila kituo kina fungu lake kwenye hotpoti. Watu wakirudi kwenye basi, anapita kiti kwa kiti, na kila mtu anachukua lake. Likibaki moja, kuna mtu hayupo, na basi haliondoki. Kuwaita wazee majina kama wanafunzi wa darasa la pili, anasema, ni kuwavunjia heshima. Kwa miaka mingi njia hiyo haikuwahi kumwangusha, na ndiyo maana alikuwa na kiburi nayo.

Ijumaa ninayoisimulia ilikuwa ya Novemba, baridi ya kung'ata masikio. Tulikuwa tunakwenda kutembezwa kwenye majengo ya kale ya Wayahudi, upande wa mashariki wa jiji. Wazee wetu wamelelewa na Biblia, wanawajua kina Yakobo na Raheli kuliko wanavyowajua majirani zao, na walitaka kuona wenye kitabu chao wameishije hapa London. Aliyesisitiza zaidi alikuwa Mzee Zephaniah, mwalimu mstaafu kutoka Vihiga. Kumbukumbu zake zilikuwa zimeanza kuondoka, lakini Agano la Kale lilikuwa bado lote kichwani.

Binti yake, Peris, hakutaka aende. Alikuwa amepata nafasi katika nyumba ya wazee na alikuwa anasitasita tu kuikubali. Mumbi alimpinga mwezi mzima. Asubuhi ile Peris alimleta babake mpaka mlangoni mwa basi, akamfunga skafu, akatuambia, "Nimemdunga insulini. Mchana lazima ale. Asipokula, sukari inashuka." Kisha akamgeukia Mumbi. "Dada, ukimrudisha salama, nitawapigia simu niwaambie hiyo nafasi wampe mtu mwingine. Likitokea jambo, Jumatatu anaenda."

"Baba yako namjua kuliko wewe," Mumbi akajibu. Kuliko mtoto aliyezaliwa naye! Niliumia kwa niaba ya Peris.

Mwongozaji wetu alikuwa Mzee Gershon, Myahudi mfupi mwenye koti zito, mtoto wa fundi cherehani wa Whitechapel. Siku hizi anakaa Stamford Hill, na hutembeza wageni bila malipo. Alitupa sharti moja: tumalize mapema. Novemba jua huzama mapema, na likizama Ijumaa Sabato imeingia. Tangu saa hiyo yeye hapandi gari, hagusi simu, hawashi hata taa.

Tulianzia sinagogi ya Bevis Marks, ile kongwe, yenye vinara vya shaba vinavyoning'inia vikingoja mishumaa. Hapo ndipo Gershon alipotuambia kwamba sala zao nyingine zinahitaji wanaume kumi, na kwamba wao pia hawahesabu watu. Wanasoma mstari wa Zaburi wenye maneno kumi, kila mtu na neno lake, na maneno yakiisha wanajua wametimia.

Mumbi nusura aruke. "Umesikia, Adelina? Umesikia? Si ulisema ni ushamba wa Murang'a?"

Alitamba na neno hilo mpaka kwenye basi. Akapita na mandazi, na moja likabaki. Akamzuia Tom, dereva wetu kijana wa kanisani, asiondoke. Kumbe lilikuwa la Damyanti, mke wa Kishor. Siku ile ilikuwa ekadashi, ambayo Mhindu aliyeshika dini hagusi nafaka. Tukacheka, tukaondoka.

Tukaona jengo ambalo zamani Wayahudi maskini walikuwa wakigawiwa supu, maneno yake bado yamechongwa juu ya mlango, na Mzee Zephaniah akayasoma kwa sauti ya ubaoni. Tukapita Brick Lane kuona msikiti ambao ulikuwa sinagogi, na kabla ya hapo kanisa. Mwisho Gershon akatupeleka kwenye sinagogi ndogo iliyobanwa kwenye kichochoro nyuma ya Whitechapel. Waumini wake wengi wamehama, waliobaki husali Jumamosi asubuhi tu. Mtunza funguo alitufungulia, akatuacha tuzunguke, huku akitazama saa yake. Gershon akatueleza kwamba wanaume hukaa chini, wanawake juu. Tulipotoka alifunga nyuma yetu akaenda zake kujiandaa na Sabato.

Kwenye basi Mumbi akapita na hotpoti. Likabaki andazi moja.

"La Damyanti hilo," akasema, na kufunga kifuniko. "Tom, twende."

Tulibaki na makaburi ya zamani ya Mile End tu, kuyaona kwa nje, kisha Gershon angeshuka ashike basi la kwenda kwao. Tulikwama kwenye foleni ya Ijumaa. Tulipofika mwanga ulikuwa umeanza kuwa wa kijivu. Tukashuka, tukapanga mstari getini, na Mumbi akazunguka na skafu ya ziada akimtafuta Mzee Zephaniah.

Hakuwepo.

"Amelala kwenye gari," nikasema. Tom akaingia, akatoka, akatikisa kichwa.

Mumbi akafungua hotpoti. Andazi lilikuwa humo. Akamuuliza Damyanti, "Mama, hili si lako?" Damyanti akamtazama mumewe, na Kishor akajikunja ndani ya koti. Kishor ni mzaliwa wa Unguja, walihama baada ya Mapinduzi wakaishia Queensbury. Ana sukari, na ana ulafi wa vitu vitamu ambao sote tunaujua.

"Mie n'lilitwaa la Damyanti," akasema kwa sauti ndogo. "Yeye si hali leo? N'kaona litapotea bure. Nisamehe, bibi."

Basi ndivyo ilivyokuwa. Kishor alichukua mawili, na lililobaki lilikuwa la Zephaniah. Hilo andazi ndilo lilikuwa chakula chake cha mchana. Tangu asubuhi mwili wake ulikuwa na insulini, na tumboni hakuwa na kitu ila lile andazi la Bevis Marks.

Mumbi hakumtukana Kishor. Ningependelea angemtukana. Alianza kuwaita wazee majina, mmoja mmoja, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, na kila mtu aliitika "nipo" kama mtoto wa shule. Alipofika kwa Zephaniah akaliita jina hilo mara mbili. Maji yalikuwa yamezidi unga.

Mimi niliwapigia polisi simu. Walichukua maelezo, wakasema watatuma mtu aangalie sokoni Whitechapel. Gershon akampigia mtunza funguo. Simu ilikuwa imezimwa.

"Ameshaizima kwa ajili ya Sabato," akasema. Alizungumza Kiingereza, polepole, ili wazee wamwelewe. "Haiwashwi tena mpaka kesho usiku."

"Na hiyo sinagogi?"

"Inafunguliwa kesho asubuhi."

Mtu wa sukari iliyoshuka, kwenye jengo lisilo na joto, mpaka kesho asubuhi! Nimewahi kuwapokea wa namna hiyo wodini, na baadhi yao sikuwarudisha nyumbani.

Mumbi akachukua simu yake. Angeweza kuniachia mimi nimpigie Peris, mimi ndiye mwenye maneno ya kinesi. Akakataa. Akasogea pembeni, lakini sauti yake si ya kuificha. "Peris, nisikize. Nimempoteza baba. Ndiyo. Ni mimi. Hapana, si Tom, ni mimi. Kuja Whitechapel." Kisha akasikiliza kwa muda, simu ameibana sikioni, machozi yakimtoka bila yeye kuyafuta. Sijui Peris alimwambia nini, na sijauliza.

Tukarudi. Gershon alikuwa bado nasi, ingawa basi lake la nyumbani lilikuwa limepita mbele ya macho yake. Tulipofika kichochoroni giza lilikuwa limeanza kushuka. Mlango ulikuwa umefungwa, madirisha meusi. Mumbi akaupiga mlango kwa ngumi, akaita, akaweka sikio. Ndani hakukujibu mtu. Wakati huohuo Tom alikimbia mpaka sokoni akiuliza kila mwenye meza ya mboga, akarudi mikono mitupu.

"Huenda hayumo," nikasema. "Huenda alitoka nasi akapotelea barabarani."

"Huenda," akasema Gershon. Akatazama angani, juu ya paa. "Mwenye funguo anakaa Clapton. Nyumba yake naijua."

"Tuandikie namba ya nyumba," Tom akamwambia, "twende sisi."

"Hatawafungulia. Usiku wa Sabato, watu asiowajua, wanagonga mlango." Alivua miwani, akaifuta kwa skafu, akaivaa. "Nina miaka sabini na sita. Sijawahi kupanda gari Sabato imeingia. Wala baba yangu." Kisha akafungua mlango wa basi mwenyewe, akaketi mbele karibu na Tom. "Sheria inasema uhai unatangulia. Hata kama huna hakika yumo, unatangulia. Endesha."

Wazee walibaki kwenye duka la chai la Mbengali mmoja pembeni. Mimi na Mumbi tukaenda. Njia nzima Mumbi alikuwa ameshika lile andazi kwenye kitambaa, na mimi nilikuwa nimekasirika. Nasema wazi. Nilikasirika na mandazi yake, na kiburi chake, na mama yake na karani wa chifu, na nilikuwa tayari kumwambia yote. Lakini taa ya barabarani ilipompiga usoni nikaona midomo yake inatembea. Alikuwa anaomba kwa Kikikuyu, na jina nililolisikia ndani ya maombi yale halikuwa la Zephaniah. Lilikuwa jina la yule mdogo wake aliyekufa kwa surua. Maneno yangu nikayameza.

Mwenye funguo alifungua mlango amevaa shati jeupe, na nyuma yake meza imetandikwa, mishumaa inawaka, wajukuu wamekaa. Gershon alisema sentensi mbili. Yule bwana hakuuliza swali. Alichukua funguo, akachukua na chupa iliyokuwa mezani kwake niliposema neno sukari, juisi nzito ya zabibu wanayoibarikia Sabato, akaingia garini na viatu vya ndani.

Kichochoroni tulimkuta Peris. Alikuwa ameacha gari katikati ya njia, taa zinamulika, naye anauvuta mlango wa sinagogi kwa mikono miwili. Alipomwona Mumbi alimjia moja kwa moja, nami nikajiweka katikati. Hakumpiga. Alisema tu, "Wewe," akageukia mlango.

Mlango ukafunguka. Ndani kulikuwa giza na baridi ya kaburini. Mimi, Tom, Mumbi, sote tungeweza kuwasha taa bila dhambi yoyote, lakini mwenye funguo hakutungojea. Aliipapasa swichi, akaibonyeza mwenyewe.

Viti vya chini vilikuwa vitupu. Peris akaita, "Baba!" Tukaangalia nyuma ya kabati, tukaangalia chooni. Hakuna. Nilikuwa nimeshakata tamaa, nikiwaza mto na barabara na magari, Mumbi aliponishika mkono.

"Juu," akasema. "Gershon alituambia wanawake wao hukaa juu."

Sikuelewa. Yeye, kwa magoti yale mabovu, alikuwa tayari ngazini.

Mzee Zephaniah alikuwa roshani, kwenye benchi la nyuma kabisa, kofia mkononi. Jasho lilikuwa limemlowesha shingo na mikono yake ilikuwa inatetemeka. Macho yalikuwa wazi. Nikamshika mkono, wa baridi, mapigo yanakimbia. Nikamwinua kidevu na kumnywesha ile juisi kidogokidogo, nikimsihi ameze, naye akameza. Peris alikuwa amepiga magoti akimsugua miguu. Mumbi alisimama pembeni ya ngazi, hakuthubutu kusogea.

Tulisubiri. Hakuna kazi mbaya katika unesi kama kusubiri. Taratibu mtetemo ukapungua, ngozi ikarudi kuwa ya mtu, akalamba midomo. Nikasema, "Yupo. Amerudi." Gershon, aliyekuwa ameshika nguzo chini, akaketi kwa mara ya kwanza tangu Clapton. Tom akamwambia atampeleka nyumbani mpaka mlangoni. Gershon akakataa kwa upole. Hatari imekwisha, akasema, sasa ni Sabato tena. Atatembea.

"Baba, twende," Peris akasema.

Mzee Zephaniah akaweka kidole mdomoni. "Nyamazeni," akanong'ona. "Rasoa bado anaomba."

Rasoa alikuwa mkewe. Tulimzika miaka mitatu nyuma, na wakati huo Zephaniah alikuwa bado anajua analolia. Kwenye kanisa lao la Vihiga wanaume hukaa upande wao na wanawake upande wao, na ibada ikiisha mzee alikuwa akimngoja mkewe aliyependa kubaki akiomba. Aliposikia kwamba wanawake wako juu, alipanda kumfuata. Akaketi kumngoja amalize.

Nilimwona Peris akivuta pumzi, nikajua anachotaka kusema, maana alikuwa akikisema kila mara: Baba, Mama alikufa. Kila alipokisema mzee alifiwa upya, akalia, kesho akasahau, akauliza tena. Yeye na Mumbi waliwahi kukosana kwa ajili hiyo. Mumbi alisema mzee aachwe, Peris akasema hawezi kumdanganya babake.

"Baba," akaanza.

"Hatuondoki bila yeye," akasema mzee. Akalishika benchi la mbele kwa mikono miwili, na ungehitaji wanaume wawili kumng'oa.

Mumbi akarudi nyuma mpaka ukutani.

Peris akasimama. Akajipangusa uso kwa skafu, akaikunjua, akajifunga kichwani kama wanavyofunga akina mama wa kanisa kule kwao. Akazunguka benchi, akaja kutokea mbele ya mzee, na aliposema sauti yake ilikuwa nzito, ya taratibu, si yake.

"Baba Peris," akamwambia. "Nimemaliza kuomba. Twende nyumbani."

Mzee akainua macho. Akatabasamu, akavaa kofia yake.

"Leo umekawia, mama," akasema, na kuachia benchi.

Peris akamtia mkono kwapani amwinue. Ngazi ilikuwa nyembamba na mzee alikuwa mzito. Akageuka, skafu bado kichwani, akamtazama Mumbi aliyejibana ukutani.

"Dada," akasema, "mshike upande wa pili."